Tope la Ziwa na Kijito cha Bibi

Nimepotea hapa kwa wiki tatu, samahanini sana. Walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni hapana. Nilikwenda nyumbani Makere, nikashuka Kigoma mjini, na niliporudi Dar es Salaam nikakuta kazi za gazeti zimenisubiri mlangoni kama mdai. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba kuna makala niliyoiandika gazetini ambayo sasa naiona ina kasoro, na sikujua nianzie wapi kulisema hilo.

Basi nianze na kasoro yenyewe.

Kwa msioijua, Makere iko kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Wengi wenu mkiisikia redioni ni kwa sababu ya kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na ambayo mwaka 2015 ikaanza kupokea Warundi kwa maelfu. Sisi tuliozaliwa huko tunaijua Makere kwa mengine: maharage, mihogo, asali ya miombo, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unakushika kiatu mpaka unakiacha. Na kijito. Kila mtoto wa kijijini ana kijito chake. Cha kwangu kilipita nyuma ya shamba la bibi. Humo tulioga, tulichota maji, na kwa ajili yake tulichapwa kwa kuchelewa kurudi.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilikwenda likizo nikakuta mchanga, mawe na nyayo za mbuzi. Maji hakuna.

Nikafanya ninachofundishwa kufanya. Nilitoa kijitabu nikaongea na watu sita. Wote waliniambia jambo moja: wakimbizi wamekata miti, miti imeondoka na mvua, mvua imeondoka na kijito. Nikaandika hivyo hivyo. Kichwa cha habari kikatoka kikali kuliko makala yenyewe (mnajua mambo ya vyumba vya habari), nami sikulalamika. Jina langu lilikuwa ukurasa wa mbele, nani analalamika?

Safari hii nilikuwa kwenye gulio, naulizia bei ya maharage, nikaguswa bega. Mzee mmoja Mkongo, aliyekuwa mwalimu wa jiografia huko kwao upande wa Fizi kabla ya vita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, ile makala yako niliisoma mara mbili. Nina swali moja tu. Ulipima?"

Nikamuuliza nipime nini.

"Wasema mvua imepungua. Imepungua kutoka kiasi gani? Wasema mto ulikufa sababu yetu. Ulikuwa haujawahi kufa mbele yetu?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwanafunzi aliyeruka hatua kwenye hesabu na bado akapata jibu. Ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa na watu sita, tena wote wa upande mmoja, na nilikuwa na kijito kikavu. Katika habari ya wizi wa kuku nisingethubutu kupeleka ushahidi wa namna ile kwa mhariri.

Sasa, mtu atapimaje mvua ya miaka ambayo hakuna aliyeweka kipimo? Vipimo vya mvua katika nchi hii ni mambo ya Wajerumani na Waingereza, miaka mia na ushee tu, tena vituo ni vichache na kumbukumbu zina mapengo. Wazee wanakumbuka, lakini wazee wanatutoka. Nikiwa Kigoma mjini nikamlalamikia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi kazi yake ni samaki. Tulikuwa tumekaa Kibirizi tunaangalia maboti. Akacheka, akanyoosha kidole ziwani. "Mvua yenu ya Makere imeandikwa humo chini," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, na yafuatayo ndiyo niliyoyasoma tangu siku hiyo.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Ni ziwa kongwe, wataalamu wanalikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Sasa fikiria chombo cha namna hiyo kinachokusanya vumbi, majani, majivu, udongo wa mito na maiti za viumbe vidogo, mwaka baada ya mwaka, bila kumwagwa. Chini ya maji yale kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Na kuna jambo jingine la bahati. Kuanzia kina cha mita mia moja upande wa kaskazini, na kama mia mbili upande wa kusini, maji ya Tanganyika hayana oksijeni. Hakuna konokono wala mnyoo wa kuchimbachimba sakafu ya kina kirefu. Tope linatua, linalala, na linabaki lilivyolala.

Wakigoma tunaijua kazi ya tope hata bila shule. Meli yetu ya Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili Mwingereza na Mbelgiji wasiipate. Mitambo walikuwa wameipaka grisi kwanza. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria. Ikiwa chuma kilistahimili kukaa kule chini, basi msishangae kwamba chembe ya chavua inastahimili miaka elfu hamsini.

Kazi yenyewe inafanywaje? Wanashusha bomba refu kutoka kwenye boti, linazama kwenye tope kama unavyochoma mrija kwenye pakiti ya maziwa ya mgando, kisha wanalivuta likiwa limejaa. Wakilipasua kwa urefu wanaona tabaka. Juu ni jana, chini ni zamani. Katika kina kirefu mashapo huongezeka kwa chini ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo mita chache za tope ni maelfu ya miaka. Mmoja wa waliofungua njia hii Afrika Mashariki alikuwa Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani (si yule Dakta Livingstone wa Ujiji!). Alibuni bomba ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake, na miaka ya 1960 alikuwa tayari anasoma chavua za maziwa yetu.

Umri wa kila tabaka unapatikana kwa saa za asili. Kaboni ya aina ya 14 iliyomo kwenye majani na mkaa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, nayo husaidia kurudi nyuma hadi kama miaka 50,000. Kwa miaka mia na hamsini ya karibuni hutumika risasi ya aina ya 210, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 22. Kuna pia sizi ya aina ya 137, iliyoanguka kutoka angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963. Yaani mabomu ya Wamarekani na Warusi yameacha alama ya tarehe kwenye matope ya Afrika. Fikiria hilo kidogo.

Sawa, umri tumeupata. Mvua na joto je?

Hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Mtu wa Kigoma anajua mawese. Chupa ya mawese ikiwa Ujiji inamiminika vizuri, ukiipeleka Kasulu asubuhi ya mwezi wa Julai imeganda, inabidi uianike. Mafuta yanaujua ubaridi. Sasa ziwani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo ngozi yao imeundwa kwa mafuta. Ili ngozi hiyo isigande wala isilegee, hubadilisha umbo la mafuta yake kufuatana na joto la maji. Kijidudu hufa, kinazama, mafuta yanabaki kwenye tope. Mtaalamu anayapima na kusoma joto la maji la wakati ule kijidudu kilipokuwa hai.

Kwa mvua wanatumia nta ya majani. Angalia jani la mgomba wakati wa mvua, maji yanateleza kama shanga. Ile ni nta. Mmea unaitengeneza kwa kutumia maji ulioyanywa, na maji yana hidrojeni nyepesi na hidrojeni nzito. Mahali petu, mvua zikiwa nyingi kiasi cha ile nzito hupungua, zikiwa haba huongezeka. Nta inabeba siri hiyo. Upepo na mito vinaipeleka ziwani, nayo inatua chini pamoja na chavua na chembe za mkaa wa mioto ya nyikani.

Wapi na wapi na Makere? Malagarasi! Mto huo, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Rufiji, unaanzia upande wa mpaka wetu na Burundi, unapita mabonde yanayokusanya maji ya Kasulu na Kibondo, unaingia kwenye ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi (eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar, mwaka 2000), unapita Uvinza penye chumvi, unamwaga ziwani karibu na Ilagala. Udongo mwingi hukwama kwenye yale mabwawa ya matete, hilo tulikubali. Lakini chavua na nta husafiri hata kwa upepo. Kwa hiyo kule chini, katika tope lile, imo sehemu ya miombo yetu.

Mwaka 2004 bomba mojawapo lilishushwa mkabala wa Kalya, kusini mwa mkoa wetu, chini ya mradi wa mafunzo ulioitwa Nyanza Project. Mradi huo uliwaleta wanafunzi wa Kimarekani pamoja na wa Kitanzania, Kirundi, Kikongo na Kizambia. Tope lile lilisomwa na Jessica Tierney, James Russell na wenzao, na matokeo yakatoka mwaka 2008 kwenye jarida la Science. Yalifunika miaka 60,000.

Yanasema nini? Wakati wa kilele cha zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya Tanganyika yalikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi kama 4 za Selsiasi. Nchi ilikuwa kavu. Ziwa lilishuka zaidi ya mita 250 chini ya kiwango cha sasa! Mara kadhaa, milima ya barafu ilipomeguka na kumwagika katika Atlantiki ya Kaskazini, mbali kabisa na sisi, huku kwetu ulifuata ukame mkali. Kisha kuanzia miaka kama 11,500 iliyopita mvua zikafunguka, enzi ambayo hata Sahara ilikuwa na majani na maziwa, hadi miaka kama 5,000 iliyopita zilipopungua tena.

Jirani zetu wana ushahidi wa aina yao. Pale Kashiru, kwenye milima ya Burundi, Raymonde Bonnefille na wenzake walichimba tope la bwawa la nyasi lenye chavua za miaka 40,000. Matokeo yao ya mwaka 1990 yalionyesha kwamba katika zama za barafu milima ile ilitawaliwa na nyasi na vichaka vya baridi, na joto lilikuwa pungufu kwa nyuzi kama 4. Msitu wa milimani tunaodhani ulikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia ulienea baadaye. Na Ziwa Viktoria? Lilikauka. Utafiti uliochapishwa na Thomas Johnson na wenzake mwaka 1996 ulikuta chini ya tope lake tabaka la udongo uliowahi kuanikwa juani, wa miaka kati ya 17,000 na 15,000 hivi iliyopita. Mahali ambapo leo meli zinatoka Mwanza kwenda Bukoba pangeweza kupitika kwa miguu.

Kule Ziwa Nyasa, mwaka 2005, walikwenda mbali zaidi. Walichimba kutoka kwenye jahazi maalumu mita kama 380 chini ya sakafu ya ziwa na kupata historia ya zaidi ya miaka milioni moja. Ndani yake kuna ukame wa kutisha kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ambapo ziwa lile lenye kina cha mita 700 lilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake kwa vipindi fulani. Hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na kambi, hapakuwa na shoka la chuma.

Nilipofika hapo nilishawishika kuruka upande wa pili. Nikajisemea: kumbe! Hali ya hewa imekuwa ikigeuka tangu enzi, basi hakuna wa kulaumiwa, kijito kimekauka kwa sababu vijito hukauka. Nusura niandike makala ya pili mbaya kuliko ya kwanza. Ila nikakumbuka lile swali, ulipima? Nikaendelea kusoma, safari hii karibu na wakati wetu.

Tuchukue karne ya 19. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Cameron alipolichunguza ziwa mwaka 1874 aliukuta mlango wa Lukuga, upande wa Kongo, umezibwa na matete na tope, na ziwa likawa linapanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliiona michikichi mitatu ambayo mwaka 1871 ilikuwa imesimama sokoni, sasa imo ndani ya maji. Mnamo 1878 maji yakapasua kizibo na kumwagikia Kongo, na kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Yote hayo ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mzee wa Ujiji wa mwaka 1894 angewaambia wajukuu wake kwamba ziwa limekimbia, na angekuwa anasema kweli. Halafu mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha tena, na kuanzia 2020 tumeona wenyewe: Gatumba karibu na Bujumbura imezama, watu wamehama, na hapa Kigoma maji yakaingia bandarini na kwenye nyumba za Kibirizi.

Wazee nao si waongo kama tunavyowafanya. Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake walichapisha historia ya miaka 1,100 ya Ziwa Naivasha, Kenya. Tope lile lilionyesha ukame mrefu kati ya mwaka 1000 na 1270, kisha maji mengi yaliyokatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Walipolinganisha na masimulizi ya njaa na kuhama ya watu wa Afrika Mashariki, yaliyokusanywa na wanahistoria, mambo yakaoana. Lakini hapa pia kuna onyo: wakati Naivasha imejaa, Ziwa Edward lililoko mpakani mwa Uganda na Kongo lilikuwa na ukame. Mvua ya Mkenya si mvua ya Muha. Huwezi kuchukua tope la kwa jirani ukahukumu kijito cha kwako.

Sasa karne ya 20, na hapa mchezo unabadilika. Mwaka 2010 Tierney na wenzake walichapisha joto la uso wa Ziwa Tanganyika kwa miaka 1,500. Mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kisha mwishoni mwa karne ya 20 unapanda na kufika mahali ambapo haujawahi kufika katika kipindi chote hicho, nyuzi kama 26. Joto hilo lina gharama. Maji ya juu yakiwa moto huwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo wa kusi wa kiangazi unashindwa kuyachanganya na maji ya chini yenye rutuba. Rutuba isipopanda, mwani haukui. Mwani usipokua, dagaa hana chakula. Dagaa akipungua, mgebuka anayemla naye anapungua. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia kama 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake wakahesabu mifupa na magamba ya samaki ndani ya tope na kuona kwamba samaki walianza kupungua pamoja na joto kupanda, tangu kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza miaka ya 1950.

Mnaona jinsi hili linavyofanana na habari yangu? Ziwani nako jibu la haraka lilikuwa "wavuvi". Nyavu zina lawama yake, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumue. Lakini tope linasema wavuvi wameikuta shida ikiwa imeshaanza njiani.

Na miti je? Nayo imo topeni. Cohen na wenzake walilinganisha midomo ya mito sita inayoingia ziwani, mingine ikitoka kwenye vilima vilivyofyekwa na kulimwa, mingine ikitoka kwenye misitu iliyohifadhiwa kama ya Gombe na Mahale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Palipofyekwa, udongo ulioporomokea ziwani ni mwingi zaidi, na kuna ruko la ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu zile mvua kubwa za 1961 na 1962 zilizikuta milima ambayo tayari ilikuwa imevuliwa nguo. Shoka lilitangulia, mvua ikamalizia. Ukiuliza ni nani kati ya hao wawili aliyefanya, umeuliza vibaya.

Nilirudi Makere na hayo yote kichwani, nikakaa jikoni kwa bibi. Yeye ana umri wa miaka themanini na ushee, na kwa aibu naungama kwamba sikumhoji kwenye makala ya kwanza. Niliona ni bibi yangu tu, si chanzo cha habari. Nikamuuliza, "Bibi, kile kijito kiliwahi kukauka siku za nyuma?"

Akaniangalia kama nimeuliza kama jua huzama.

"Kilikauka mwaka wa unga wa yanga. Baba yako alikuwa anatambaa. Tulikuwa tunachimba mchanga kwa kibuyu, tunangoja maji yajae kama unavyongoja chungu kichemke. Baadaye kikarudi."

Unga wa yanga, kwa vijana wenzangu mliozaliwa baadaye, ni ule unga wa mahindi ya njano wa msaada. Nikapiga hesabu kwa umri wa baba: katikati ya miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji na ukame wa 1973 hadi 1975. Nyarugusu ingefunguliwa baada ya miaka ishirini na zaidi.

Basi mwalimu wa Fizi alikuwa na haki ya kuuliza. Kijito kiliwahi kufa mbele yao.

Je, hii ina maana miti haikukatwa? Hapana. Nimeiona visiki kwa macho yangu. Kambi yenye makumi ya maelfu ya watu wanaopika kwa kuni inakula msitu, hilo halina ubishi, na anayelikataa hajawahi kutembea pale. Lakini kuna matanuri yetu ya mkaa pia, unaopakiwa usiku kuelekea mijini. Kuna mabani ya kukaushia tumbaku. Kuna mashamba ambayo sisi wenyewe tumeyateremsha hadi kwenye chemchemi, likiwemo (naandika hili na bibi atanisamehe) shamba letu. Na juu ya yote hayo kuna joto ambalo halikutoka Makere wala Fizi, ambalo ardhi na maji vinalipa kwa pamoja. Watu wangu sita walinipa sababu moja kati ya nne au tano, na wakachagua ile ambayo haipigi kura kijijini. Nami nikaichapa kwa herufi kubwa.

Habari ya namna hiyo haiishii kwenye karatasi. Mama mmoja pale guliони aliniambia kwamba wiki ile makala ilipotoka, vijana wawili walimnyang'anya binti yake mzigo wa kuni na kumwambia "wamesema gazetini". Sijui mwingine aliyekumbana na hayo ni nani. Najua huyo mmoja.

Nilipeleka maelezo kwa mhariri, nikaomba turekebishe. Akasoma, akanirudishia, akasema habari ya tope haiuzi gazeti na kijito kilishasahaulika. Labda. Ndiyo maana nimeyaweka hapa, mahali ambapo hakuna anayenihesabia aya. Nakala moja nimeichapa kwenye karatasi na kumpa kondakta wa basi la Kasulu aifikishe kwa yule mzee. Juu yake nimeandika kwa mkono: "Mwalimu, sijapima bado. Lakini nimeanza kuuliza."

Na ninaendelea kuuliza. Kama uko Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Uvinza, au una bibi na babu huko, waulize leo jioni: mto wenu ulikauka lini, ulirudi lini, mwaka huo kulitokea nini kingine? Harusi, njaa, nzige, kuhamishwa, chochote cha kushikia tarehe. Niandikieni hapo chini. Mimi nitakuwa nayaandika kwenye kijitabu kile kile, safari hii nikianza na wa nyumbani kwangu.